Jua Halina Mkwe

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo, hata huko uliko. Miaka yote tuliyokaa ua mmoja hapa Kibiti nilikuamkia nikiwa nimesimama nje ya kibanda chako, uso nimeuelekeza barabarani, nawe ukaitika kutoka ndani, "Marahaba, baba. Umeamkaje na baridi hii?" Sikumbuki hata siku moja ulipoanza kwa kuitaja pumu yako. Ulianza na baridi yangu mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kwenye arobaini yako. Watu walisoma hitima, wakala, dua ikafungwa, halafu mzee mmoja wa upande wenu akasimama akasema, "Wenye mabinti wasikie. Mkwe ni huyu. Kamtunza mama wa mkewe kipupwe hadi kipupwe, mpaka kambeba mgongoni mbele za watu!" Wakaitikia wote. Mwanao Somoe, mke wangu, alikuwa jamvini na wanawake wenzake, akanitazama kwa macho ambayo mwanamume yeyote angependa kutazamwa nayo. Mimi nikainamisha kichwa. Wakadhani ni adabu.

Haikuwa adabu, Mama. Wewe unajua ilikuwa nini. Ila watakaosoma barua hii hawajui, na wengine hawakukujua hata wewe, kwa hiyo nitaanzia mwanzo. Darasa la saba langu linanitosha kuandika ninachokikumbuka.

Ulikuja kwetu miaka ile ruksa ilipoanza, maduka yalipopata tena sabuni na mitumba ikaanza kushushwa kwenye malori. Kwenu kijijini nyumba ilikuwa imezungukwa na mikorosho. Kila kipupwe kikiingia watu wanaipulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, alfajiri, majani yakiwa na umande ili ule unga ushike, na unga wa njano unatambaa mpaka vitandani. Wengine walikohoa kidogo wakaendelea na kazi zao. Wewe kifua kilibana mpaka ukashindwa kumeza mate. Mganga akasema ni pepo, anataka ngoma na mbuzi mwekundu. Daktari wa hospitali ya Mchukwi akasema ni pumu, haitakwisha, ila ukijitunza utaishi nayo. Ukachagua la daktari. Ulisema, "Huyu angalau kasema nitaishi."

Somoe akaniomba uje ukae kwetu kila kipupwe, hapa barabarani, mbali na mikorosho na karibu na hospitali. Nikakubali kwa mdomo. Moyoni niliona uzito, maana kwetu mwanamume na mama wa mkewe wanaoneana haya. Hamtazamani usoni, hamli sinia moja, na mahali mama mkwe anapolala mkwe hapakanyagi hata kukiungua. Nikakujengea kibanda pembeni ya ua, mlango ukatazama upande mwingine kabisa na mlango wangu. Nikirudi na baiskeli nilikuwa napiga kengele toka mwanzo wa njia ili upate kujitanda kanga. Watu wakanisifu kwa hayo. Nami nikazipenda zile sifa.

Sasa niseme lile jambo.

Ilikuwa kipupwe chako cha kwanza kwetu, siku ya gulio la Bungu. Somoe alikuwa bondeni kuvuna mpunga, kaondoka na mtoto wetu Zuhura mgongoni. Mimi nilikuwa uani nafunga mzigo wangu wa mitumba kwenye baiskeli. Majirani walikuwa wamechoma takataka mbichi, na moshi wa asubuhi ya baridi haupandi, ulitambaa chini ukaingia uani kwetu. Nikakusikia. Kwanza kikohozi, halafu ile sauti kama filimbi iliyoingia mate. Ukaita, "Somoe." Ukanyamaza. Ukaita tena, "Nani yupo?"

Nilikuwepo.

Nilisogea mpaka mlangoni kwako nikasimama. Nikajiambia, mkwe haingii humu. Nikajiambia, nikimkuta hana kanga kichwani nitamtazamaje tena, yeye atanitazamaje? Nikakimbia kwa Bi Tatu, jirani yetu, aje aingie yeye, mwanamke mwenzako. Bi Tatu hakuwepo, kaenda kisimani. Nikarudi, na ile filimbi bado inalia, imekuwa nyembamba zaidi.

Mpaka hapo mtu anaweza kunitetea akasema ni mila. Lakini nilichofanya baada ya hapo mila haikunituma. Nilitazama juu nikaona jua linapanda. Nilikuwa na masweta mzigo mzima, na sweta linauzika asubuhi, watu wakiwa bado wanatetemeka. Jua likiwaka hakuna anayeligusa. Nikapanda baiskeli nikaondoka. Heshima ilinipa pa kujificha, nami nikajificha humo, nikaenda kuuza masweta.

Niliporudi jioni nikakuta ua umejaa watu. Bi Tatu alikukuta umejikokota mpaka nje ya mlango, umelala kifudifudi kwenye mchanga, midomo imegeuka rangi. Walisimamisha gari la wanunuzi wa mpunga wakakupakia kwenda Mchukwi. Mimi nikashika kichwa. "Lo! Na mimi nimetoka gizagiza, sikusikia kitu!" Somoe, na machozi yake, akanishika mkono. "Usijilaumu, baba Zuhura. Ungejuaje?"

Hilo neno "ungejuaje" nimelala nalo mpaka wiki hii.

Ulirudi umekonda, vidonge umevifunga kwenye pindo la kanga. Nilitegemea utarudi na hofu. Nimewaona watu wenye ugonjwa usiokwisha, kipupwe kikipiga hodi wanajifungia ndani na blanketi na manung'uniko. Wewe kesho yake tu ulitoka na kigoda. Asubuhi jua lilikuwa linaingia uani kwetu mahali pamoja, kando ya jiko, kwa sababu ya ukuta wa jirani. Na hapo ndipo nilipokuwa nikikaa mimi, natengeneza zipu na vifungo vya mitumba. Nikaona kivuli chako kinakuja, nikaanza kukusanya vitu vyangu haraka haraka.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nakupisha, Mama."

"Unipishe nini? Jua halina mkwe. Wewe kaa hivyo hivyo ulivyotazama, mimi nitatazama huku. Tupeane migongo, na haya zetu zitakaa hapo katikati ziote jua na zenyewe."

Ukakaa. Somoe akatoka jikoni na uji, akatukuta, mama yake katazama barabarani, mumewe katazama choo, migongo imekaribiana kama watu waliogombana. Alicheka mpaka uji ukamwagika. Nawe ukamwambia, "Cheka, lakini uniletee wangu una pilipili manga."

Hapo ndipo nilipokujua. Sura yako sijui kama ningeweza kuieleza vizuri mpaka leo, ila sauti yako naijua ilivyobadilika kila baridi ilipopungua. Jua likipanda ulikuwa unalitangaza. "Limefika vidoleni. Limefika magotini. Haya, mgonjwa kapona mpaka magotini." Likifika kifuani ulinyamaza, ukavuta pumzi moja ndefu, polepole, kama mtu anayemtoa samaki kwenye wavu asichane nyuzi. Ikitoka bila filimbi ulisema, "Alhamdulillahi, hii imelipiwa."

Chungwa ulikuwa huli bila kulipasha karibu na makaa, maana baridi yake ilikukoholesha. Ulilizungusha mkononi, ukalichana ganda kidogo kwa kucha, ukalinusa weee, mpaka mimi nikawa nameza mate. Siku moja nikakwambia, "Mama, chungwa hilo litaoza unalinusa." Ukanijibu, "Nyinyi wenye pumzi za bure mnavuta tu, hamjui mnachovuta. Mimi ya kwangu naihesabu, kwa hiyo siivuti ovyo. Nikipata ya chungwa naikalia."

Na lile sweta! Lilitoka kwenye mzigo, zito, jekundu, limefumwa wanyama wenye pembe kama matawi ya mti mkavu, na vidoti vyeupe kila mahali. Nikampa Somoe akupelekee. Kesho yake nyuma ya mgongo wangu nikasikia:

"Baba Zuhura, hivi vyeupe ni nini? Kuna mtu kalimwagia mchele?"

"Ni theluji hiyo, Mama. Kule kwao kipupwe kikija inaanguka kutoka juu."

"Inaanguka kwenye watu?"

"Kwenye watu, kwenye nyumba, kila mahali. Miti inabaki mifupa."

Nikasikia unalipapasa sweta. Halafu, "Na wenye pumu wa huko wanafanyaje?"

"Sijui, Mama."

"Yupo bibi mmoja. Lazima yupo. Sweta hili limechakaa mgongoni, si kifuani. Alikuwa analipa jua mgongo kama sisi."

Toka siku hiyo ukawa na mwenzako. Baridi ikizidi ulikuwa unasema, "Bibi wa theluji, leo yametukuta." Jua likitoka mapema, "Bibi wa theluji, njoo huku, kuna nafasi." Somoe alidhani umeanza kuzeeka vibaya. Mimi niliyekaa nyuma yako nilijua unacheza, na kwamba kucheza kwenyewe ndiyo dawa uliyojitengenezea, hakuna aliyekuandikia.

Sitaki mtu asome hapa adhani ulikuwa unacheka tu. Zilikuwepo asubuhi ulizokaa hata neno hukuwa nalo, mikono umeikaza magotini, mabega yanapanda na kushuka. Nikiuliza kama nimwite Somoe, ulikuwa unagonga kigoda kwa kidole, mara moja ni hapana. Nilikuwa nashona kifungo huku nasikiliza nyuma kwa masikio yote. Na kifua kikifunguka, neno lako la kwanza lilikuwa la mzaha. "Haya, nilikuwa safarini. Mmeniwekea uji?"

Halafu ikaja asubuhi ile ya machungwa. Namenya, nakupitishia vipande kwa mkono wa nyuma. Ukasema, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo:

"Siku ile nilisikia baiskeli yako ikitoka."

Kisu kilisimama kwenye chungwa. Sikugeuka. Mila ilinikataza kugeuka, na kwa mara ya pili niliishukuru mila kwa jambo baya. Nikangoja useme la pili. Nilitaka ulitamke, unitukane, umwite mwanao, umalize. Jua lilikuwa linachoma shingo.

"Nipe kipande," ukasema.

Nikakupa. Ukala. Ukasema, "Tamu hili." Na ukaanza habari za bibi wa theluji.

Hukunitamkia tena maneno hayo maisha yako yote. Wala kwa Somoe hukuyapeleka. Nimefanya biashara na watu wengi, wajanja na wakali, na wenye maneno ya kukata. Sijakutana na mtu aliyenishinda kama ulivyonishinda asubuhi ile kwa kipande cha chungwa.

Kipupwe kilichofuata ndicho kilichonipa jina. Gulio lilikuwa hapa hapa Kibiti. Mtu mmoja nyuma ya barabara alikuwa kapata mashine ya kupulizia, akapuliza salfa kwenye mikorosho yake michache, na upepo wa kusi ukaileta yote kwetu. Somoe alikuwa na wenzake sokoni. Nilikuwa nimekwisha kuupandisha mzigo kwenye baiskeli nilipoisikia filimbi. Safari hii hukuita mtu. Hilo ndilo lililonikata maini. Hukuita, kwa sababu ulijua nipo, na ulikuwa umejifunza kuhusu mimi.

Baiskeli ilianguka na mzigo wake. Niliingia, Mama. Sikubisha hodi. Nilikukuta umekaa sakafuni, kichwa wazi, mvi zako zote nje, na kwa mkono mmoja unavuta kanga ujifunike mbele ya mkweo, pumzi huna lakini adabu unayo. Nikakufunika koti kubwa la mtumba, kichwa na yote, nikakugeuzia mgongo, nikachuchumaa. "Panda, Mama." Ukasita. Nikasema, "Panda, tumekwisha kuzoea migongo." Nikasikia mikono yako shingoni.

Nilipita katikati ya gulio kwa sababu malori yalikuwa upande wa pili. Watu wakafungua njia. Wanawake wakaweka mikono midomoni, "Huyo si mkwewe huyo? Kambeba mama mkwe!" Komba, fundi baiskeli, Mngoni, mtani wangu, akasimama juu ya sanduku lake akapiga kelele, "Jamani tazameni mtumba wa leo! Una miguu! Unauzaje huo?"

Nilitaka kumtukana. Lakini nikasikia mwili wako unatikisika mgongoni, nikadhani ndiyo roho inatoka. Kumbe unacheka. Huna pumzi ya kuishi, unaitumia kucheka! Nikakimbia, nikapiga bodi la lori la kwanza kwa ngumi mpaka likasimama.

Wauguzi walikuchoma sindano, wakakuweka karibu na dirisha. Jioni niliporuhusiwa kuingia nilisimama mlangoni, nimetazama ukutani kama kawaida. Ukasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Mtani wako huyo Mngoni alitaka kuniua kwa kicheko."

"Nitamfikisha kwa mjumbe, Mama."

"Mwache. Ila mwambie mtumba huu hauuzwi. Una mwenyewe."

Basi watu wakaishika ile siku, ndiyo wanayoihadithia. Siku ya pili imefunika ya kwanza, nami nikaiacha ifunike.

Uliishi vipupwe vingi baada ya hapo, na ukavikaribisha vyote na kigoda. Bi Tatu na magoti yake akaja kuota jua letu. Wakaja na wengine, mwenye pumu, mwenye baridi yabisi, mama wa mtoto mwenye ule ugonjwa wa damu unaofanya mifupa iume. Uliwafundisha kupasha chungwa, kufunga pua na kanga kabla ya kuvuka moshi, kumeza kidonge kabla kifua hakijaanza ubishi. Uliwafundisha pia kutania baridi. Mimi nilikuwa nimekaa kulekule natazama choo, mwanamume peke yangu, nasikia wanawake nyuma yangu wanacheka asubuhi ya kipupwe kama watu waliokuja harusini. Nilijivuna, nasema kweli. Nilijivuna kwa kitu kisichokuwa changu.

Waliosema kipupwe kitakuchukua waliaibika. Uliondoka masika, kwa homa, mvua inapiga bati, na kifua chako siku hiyo kilikuwa cheupe, hakina filimbi. Kipupwe hakikukuweza.

Baada ya arobaini chakula hakikunipita. Nikimtazama Somoe namwona bado ana yale macho. Juzi mchana nikamfuata jikoni, anapeta mchele, nikakaa mbele yake, nikamtazama usoni, nikamwambia yote. Moshi wa majirani, filimbi, Bi Tatu kisimani, jua, masweta.

Ungo ukasimama hewani.

"Ulikuwa mlangoni?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Alisema nini?"

"Alikuita wewe. Halafu akauliza nani yupo."

Akaweka ungo chini. Hakulia, na ningependa angelia.

"Alijua?"

"Alijua. Alisikia baiskeli."

"Na akakaa na wewe juani? Kipupwe chote hicho? Vyote vile?"

"Alikaa."

Akanitazama muda mrefu, na yale macho ya arobaini niliyaona yanaondoka, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye msiba. Akasema, "Mimi nisingekaa." Akachukua ungo wake akaenda kumalizia kwa Bi Tatu.

Toka hapo chai ananiwekea, ila haniiti kuinywa. Anapita mbele yangu. Sijamlaumu. Leo asubuhi nilikuwa nimekaa na karatasi hii, nimeandika shikamoo tu nimekwama. Akapita na ndoo, akarudi, akasimama nyuma yangu.

"Unamwandikia mama?"

"Ndiyo."

"Mimi sijakusamehe," akasema. "Usije ukaandika humo kwamba nimekusamehe."

"Siandiki."

"Lakini andika alichokufanyia. Chote. Watu walikaa hapa wakakusifu wewe, mama yangu wakamtaja kama mzigo uliobebwa. Waambie nani alimbeba nani."

Nimewaambia, Mama. Huko uliko naamini hakuna salfa wala moshi wa takataka mbichi, na pumzi unavuta bila kuihesabu. Mungu akulaze pema.

Mkweo,
Baba Zuhura